Mwaka Niliomfundisha Zuhura Kulalamika

Juzi hapa Mtongwe nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikatandika mkeka sebuleni, kwa sababu mjukuu wangu Zuhura amekuja likizo kutoka Ujerumani na jamaa walitaka kumwangalia kama bado ni mtu. Wakaja na mabuibui yao yanukiayo udi, wakamshika mashavu, wakamwambia amekonda, kisha wakamwambia amenenepa. Tukanawa, tukasema bismillahi. Zuhura akatia tonge la kwanza mdomoni, akatafuna, akameza, akasema mbele ya watu wote, "Nyanya, samaki wako leo chumvi imezidi." Shangazi yake Fatuma akaliachia tonge likarudi sahanini. "Yallah! Mtoto ameharibika! Chakula cha nyanya yake mwenyewe? Hayo ndiyo aliyokwenda kusomea?" Nami nikaonja. Wallahi, chumvi ilikuwa imezidi. Nikacheka mpaka mtandio ukanianguka mabegani. Nikawaambia, "Mwaionea Ulaya bure. Huyu nimemharibu mimi, hapo uani, kwa mikono yangu hii." Wakadhani natania. Kwangu mimi, wanawake wazima wakae wanitazame kama chizi nyumbani kwangu, hilo halipiti hivihivi. Mimi niliacha shule darasa la tatu, kalamu hainitii. Lakini simu siku hizi waisemesha nayo yaandika, basi nimeisemesha.

Mwaka ule tulikuwa wawili tu katika nyumba hii, mimi na Zuhura. Vyumba viwili, na ua mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Uani ndiko kazi yangu ilikokuwa na ndiko iliko mpaka leo: jiko la makaa, karai la mafuta, viazi karai na bajia kuanzia alasiri, na bakuli la ukwaju ambalo watu huvuka barabara kwa ajili yake. Zuhura alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi. Cheti kimelala kabatini chini ya shuka, yeye ashinda kwenye duka la dawa karibu na feri akiuza vidonge vya kichwa. Kisha akasikia kuna hospitali Ujerumani inachukua wauguzi kutoka huku kwetu, mradi uijue lugha yao na uwe na cheti cha mtihani wao. Hakuwa na nauli ya kwenda kusoma mjini kila siku, basi akajiunga na darasa la simu.

Ndani ya nyumba mtandao haukushika. Ulishika mahali pamoja tu, pembeni mwa tangi la maji, na hapo ndipo nilipokaangia. Kwa hiyo kila alasiri, mimi natia viazi kwenye mafuta, na yeye ameiegemeza simu kwenye kibao cha mbuzi ambacho asubuhi nilikunia nazi, wamo humo watu kwenye vidirisha kama nyumba ya njiwa. Mwalimu wao aliitwa Birgit, mama wa makamo, nywele fupi kama za kiume, sauti kavu. Wanafunzi walitoka pembe zote. Kulikuwa na kijana wa Ufilipino ambaye nyuma yake jogoo hakomi kuwika. Kulikuwa na msichana wa Tunisia, huyu akiniona napita na mwiko husema, "Asalaam aleikum, mama," nami huitikia kwa sauti, na Birgit huniambia kwa Kijerumani nisifanye kelele. Mimi ambaye mbali yangu kabisa ilikuwa Lunga Lunga kwenye harusi! Siku moja Birgit akasimamisha somo akauliza ni neno gani hilo analisikia kila siku likipigiwa ukelele nyuma ya Zuhura. Zuhura akaona haya. Lilikuwa "tia ukwaju". Wateja wangu. Akaeleza ukwaju ni nini, na yule wa Ufilipino akaruka kitini, kumbe kwao pia wanao na wanautia kwenye mchuzi. Nikajiona mtu mkubwa, sikufichi.

Na mimi Kijerumani kikaniingia. Sikukaa nikakisoma, kiliniingia pamoja na moshi. Zuhura akiondoka kwenda kuoga, huiacha simu na lile somo la mazoezi ambapo mwanamke wa ndani hutamka neno nawe ulirudie, na ukipatia hulia kengele. Nilirudia kwa ajili ya kengele tu. Jirani yangu Kadzo, mama wa Kigiriama anayeuza mboga, akachungulia ukutani akanikuta nabishana na simu. "Bi Mwanasha, wamtukana nani?" Nikamwambia namtukana Mjerumani, hataki kunipigia kengele. Kadzo akasema, "Mpe bajia." Watu husema simu imewafanya vijana mabubu. Inawezekana kwao. Mimi simu imenifungua kinywa nikiwa na wajukuu, na namshukuru Mungu aliyempa mtu akili ya kuitengeneza.

Zuhura alikuwa hodari. Kusoma ajua, kuandika ajua, kusikiliza ajua. Akaenda Nairobi kufanya mtihani, akarudi na uso kama chapati iliyokaa nje. Sikumwuliza kitu. Nilimpa chai ya tangawizi na mkate wa sinia, nikamwacha. Alipomaliza kikombe akasema, "Nyanya, nimeanguka kwenye kusema." Nikashangaa, kwa kuwa mtoto huyu alikisema Kijerumani hata usingizini. Akanieleza. Alipewa kadi yenye kisa: uko hotelini, umeagiza chakula, kimechelewa na kimekuja kimepoa, zungumza na msimamizi. Msimamizi ni mtahini mwenyewe, amekaa mbele yake, kalamu mkononi, angoja.

"Sasa ukamwambia nini?"

"Nikamsalimu."

"Vyema. Halafu?"

"Nikamwambia hakuna neno. Labda mpishi amepata dharura nyumbani. Nikasema nitakula hivyo hivyo, Mungu aibariki mikono yake."

"Kisha?"

"Kisha sikuwa na la kusema. Naye atazama saa. Nikamuuliza watoto wake hawajambo."

Yarabi! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, yote yalikuja pamoja. Maana hakukosea hata kidogo. Ndivyo alivyolelewa. Kwetu sahani ikiletwa mbele yako hukitii chakula kasoro. Ukila umeshiba wasema alhamdulillahi, usiposhiba wasema alhamdulillahi. Kumbe wenzetu wanampima mtu kama ajua lugha kwa kumtazama anavyolalamika! Na hospitali ile ilikuwa imemwandikia kwamba nafasi yake itashikiliwa mpaka mtihani unaofuata, basi. Akianguka tena, inakwenda kwa mwengine, naye arudi kwenye vidonge vya kichwa mpaka azeeke navyo.

Usiku ule nilifikiri, na asubuhi nikafungua shule yangu mimi. Nilimpikia uji, nikautia chumvi ya kutosha kukaushia papa. Nikamwekea mbele, nikakaa kwenye kigoda. Akanywa. Jicho likamtoka chozi, akanywa tena. "Haya, mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu mdogo kwa kumtania kwa babu yake, "huo uji ukoje?" Akasema, "Mzuri, nyanya." Mchana nikampa mbaazi za jana, baridi, zimeganda nazi juu kama nta ya mshumaa. Akasema ahsante. Nikachoma mahamri mpaka yakawa makaa, akayapangusa kwa kidole akayala na chai. Kadzo akaona yale mahamri akapiga makofi. "Bi Mwanasha, wamuua mtoto! Hata mbwa wangu angekwambia." Nikamjibu, "Huyo mbwa wako ndiye ninayemtafuta. Mbwa wako angefaulu."

Birgit naye alipata habari. Alasiri moja aliomba niletwe mimi mbele ya simu, nikaja na mikono ya unga wa dengu. Zuhura akawa katikati akitafsiri. Birgit akasema wanafunzi wake wengi wanaangukia hapohapo. Yule wa Ufilipino pia aliishia kumwomba msamaha msimamizi, na yule wa Tunisia alitaka kulipa mara mbili. Nikacheka, na vidirisha vyote vikacheka. Kisha akanieleza jambo nililolichukua nikaliweka. Alisema, kwao mtu akikulalamikia hakutukani. Anakwambia kwamba anaamini utalitengeneza. Mtu ambaye halalamiki, wao humwogopa, hawajui amebeba nini. Nikamwambia Zuhura amwambie: "Mwalimu, sauti yako ni kavu, wawatisha watoto." Zuhura akakataa kutafsiri. Nikamkazia macho. Akatafsiri huku ameinamisha kichwa. Yule mama akasema ni kweli, hata mumewe humwambia. Tangu siku ile alianza somo kwa kucheka, na mimi akaniruhusu kuitikia salamu.

Watu wa Mtongwe wanaujua mdomo wangu. Nimewaambia mashehe, nimemwambia chifu, nimewaambia wanawake wenzangu kwenye arusi kwamba bi harusi amepakwa poda kama andazi. Lakini hayo yote ni mambo ya watu. Mwili wangu ulikuwa na adabu. Goti langu la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba mwaka ule, na aliyeniuliza, "Bi Mwanasha, hali?" nilimjibu, "Alhamdulillahi, mzima," kwa kuwa ndivyo mtu ajibuvyo. Nilikuwa nachuchumaa jikoni na kuinuka kwa kushika ukuta, na nikidhani Zuhura anatazama simu.

Jumamosi moja, mtihani umekaribia, nikampa ndizi za kupika mbichi kabisa, ngumu kama mpini. Nikamwambia leo hatuinuki hapa. "Lalamika. Kwa Kijerumani. Sitaelewa, kwa hiyo huna cha kuogopa." Akazitazama zile ndizi. Nikainuka kuchukua maji, goti likakataa, nikaanguka nusu, nikashika tangi. Akaja mbio. "Nyanya, umeumia?" Nikamwambia, "Alhamdulillahi, sijambo." Ndipo mtoto wangu alipopasuka. Alisimama katikati ya ua akatoa Kijerumani kama bomba lililokatika, mkono anaurusha, shingo imemtoka mishipa. Sijawahi kumwona vile. Nilishika maneno mawili matatu, "kni", yaani goti, na "niht", yaani hapana, hapana nyingi. Kadzo akaacha mboga zake akapanda juu ya jiwe atazame. Nikamwambia Zuhura, "Ngoja, ngoja. Hayo ni mazuri sana, lakini nayataka kwa lugha yangu." Akasema, "Kwa Kiswahili siwezi kukwambia, nyanya. Hayatoki." Basi akaichukua simu, akaisemesha tena yote kwa Kijerumani, polepole, huku akilia, akaiweka katikati yetu juu ya sinia. Simu ikafikiri. Kisha ile sauti ya mwanamke isiyo na uchungu wala furaha ikasema kwa Kiswahili chake cha kukaza:

"Mimi nina malalamiko. Goti lako ni kubwa kama nazi. Mimi nauliza kila siku. Wewe unajibu Mungu ashukuriwe. Mimi ni muuguzi. Mimi siwezi kumtibu Mungu ashukuriwe. Kama uko karibu unaficha, nikiwa mbali utaficha zaidi. Watanipigia simu siku moja na kuniambia umekufa, na jana yake ulisema mzima. Mimi sitaki kwenda kwa sababu hiyo. Kwa sababu hiyo mimi ninaanguka mtihani."

Zuhura alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Kadzo huko ukutani akasema kwa sauti ndogo, "Hilo goti nami nimeliona." Nikamtazama mjukuu wangu. Maneno yale kama angenitolea kwa kinywa chake, kwa Kiswahili, ningemwambia ana utovu wa adabu, naye angeniomba radhi, mambo yakaishia hapo. Lakini yalikuja kwa mlango mwengine, na mimi nikajikuta sina cha kukemea. Nikakaa kwenye kigoda. Nikatafuta kwenye kichwa changu yale maneno niliyokuwa nikirudia kwa ajili ya kengele, nikayapata, nikamwambia: "Main kni tut ve." Goti langu linauma. Wallahi hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia mtu naumwa, na niliisema kwa lugha ya watu ambao sijapata kuiona nchi yao. Zuhura akacheka na kamasi zimemtoka. "Tangu lini?" akauliza, kwa Kijerumani. Nikamwonyesha kwa vidole, miezi. Akaniinua.

Jumatatu tukavuka feri kwenda kwa daktari. Kijana yule akaniuliza, "Mama, shikamoo, hali gani?" na ulimi wangu, kwa mazoea, ukasema, "Alhamdulillahi." Zuhura akanifinya. Nikaanza upya nikamwambia kila kitu, kwa Kiswahili mara hii, mpaka kule kuinuka kwa kushika ukuta. Akatoa maji gotini, akanipa dawa, akanikataza kigoda kifupi. Nilinunua kiti. Ni kiti cha plastiki, cheupe, na ni raha ambayo ningeipata zamani lau ningefungua kinywa.

Tukawekeana sharti siku ile kwenye feri, watu wametubana huku na huku. Kwa Kiswahili tutaamkiana, tutaulizana, tutashukuru, kama watu waliolelewa. Na kwa Kijerumani tutaambiana linalouma. Kila mmoja atamwuliza mwenziwe mara mbili, kwa lugha hii na kwa ile, na jibu la pili ndilo litakalohesabika. Nikasema, "Lakini mimi nayajua machache tu." Akanijibu, "Utajifunza mengine. Wanaozeeka wana mengi ya kulalamikia." Mtoto huyo, na mimi ndiye niliyemlea.

Mtihani wa pili walimpa kisa cha nyumba ya kupanga, bomba linavuja na mwenye nyumba haji. Alinihadithia aliporudi. Alisema alimtazama yule mtahini, akaona goti langu. Akalalamika kuhusu bomba, akalalamika kuhusu ukuta ulioota ukungu, akamuuliza atakuja lini, na alipoambiwa wiki ijayo akasema hapana, kesho. Mtahini akaomba radhi kana kwamba nyumba ni yake kweli. Zuhura akafaulu. Kadzo alileta kuku. Yule wa Tunisia akapiga vigelegele ndani ya simu, na Birgit, ambaye sijapata kumshika mkono, akafuta miwani yake na akadai ni vumbi.

Akaondoka. Sina haja ya kueleza uwanja wa ndege, kila mtu aliyepeleka mtu anaujua. Wiki za mwanzo alipiga simu kila Ijumaa. "Shikamoo, nyanya." "Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?" "Sijambo, alhamdulillahi. Watu wazuri, chumba kizuri." Na mimi, sikatai, nilikuwa nikifurahi kwa jibu hilo na kuwaambia wateja wangu Zuhura yuko peponi. Nilikuwa sijamwuliza mara ya pili. Nilikuwa naogopa.

Ijumaa moja mvua inanyesha, sina wateja, akapiga. Tukaamkiana, tukashukuru. Chumba kizuri, watu wazuri. Uso wake kwenye simu ulikuwa umekaa vizuri mno, kama kitanda cha mgeni. Nikavuta kiti changu karibu na tangi. Nikamwambia, kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, kwamba mimi goti zima, jicho baya, na nyumba ni kubwa bila yeye. Kisha nikamwuliza, kwa lugha ileile, yeye je.

Nikadhani mtandao umekatika, nikaigonga simu. Halafu akaanza. Nilishika baridi. Nilishika peke yangu. Nilishika kwamba kuna mzee mmoja wodini anayekataa kushikwa na mikono ya Zuhura, na kwamba yeye Zuhura hula chakula chake amesimama, kwa kuwa hakuna wa kukaa naye. Mengine sikuyashika, nikamwambia, "Sema tena hilo, polepole," akasema tena, na yale magumu akanitafsiria, na kwa kuwa alikuwa ameshayafungua hayakuwa na pa kurudi. Sikumwambia vumilia. Nilimwambia akamlalamikie huyo mzee kwa mkubwa wa wodi, kesho, si wiki ijayo. Nilimwambia atafute mtu mmoja wa kula naye, hata kama ni yule Mfilipino mwenye jogoo, kwenye simu. Akacheka, akapenga kamasi, akaendelea kulalamika mpaka bando likaisha.

Niliiweka simu ikachaji. Nikatawadha, nikaswali alasiri yangu nimekaa kwenye kiti, nikawasha makaa na kutia viazi, mvua imepungua. Kadzo akauliza ukutani, "Zuhura yuaje?" Nikamwambia ana shida hii, na hii, na ile. Akasema, "Maskini! Mbona basi wewe watabasamu?" Nikamjibu kwamba tangu mtoto aondoke hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyojua yuko wapi.